Daftari la Mpishi wa Wanyoaji

Ulverstone, Tasmania
Jumatatu, 4 Julai 2022

Mdogo wangu Errol,

Sisi hapa wazima, ukiacha goti langu na paa la banda la kuku ambalo mume wangu amelitengeneza mara tatu na bado linavuja pale pale. Col amekataa kuita fundi. Anasema hawezi kushindwa na bati. Kuku wamegoma kutaga, na mimi nawaelewa.

Mama hajambo. Kule kwenye nyumba ya wazee amemshitaki muuguzi kwamba anamwibia kwenye karata. Wakaniita. Nikaenda, nikakuta ni Mama ndiye mwenye karata mbili chini ya mto. Nikamuuliza, "Mama, hizi vipi?" Akanijibu, "Hizo za akiba." Miaka themanini na moja, hana hata chembe ya haya. Anakusalimu sana, anauliza kama unavaa fulana ya ndani.

Sasa tuje kwako. Nimepata kadi yako yenye anwani mpya, nikaibandika kwenye friji pamoja na zile nyingine. Hili ni kundi la tano la wanyoaji kondoo ndani ya miaka mitatu. Errol, wewe ni mpishi wa kupigiwa mfano. Wanyoaji wakipata mpishi kama wewe hawamwachi, wanamficha asionekane na kundi jingine. Kila nikiuliza husemi umefukuzwa, husemi umegombana na mtu. Unaondoka tu, kazi ikiwa katikati. Una nini wewe? Na usiniambie umechoka na vumbi, vumbi ni lile lile kila mahali.

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu unasema "niko poa" halafu mtandao unakatika pale pale unapotaka ukatike. Barua haikatiki. Nimekufungia soksi za sufu na keki ya matunda, ile kubwa. Wagawie wenzako.

Dada yako,
Glenys


Mulgarrie, magharibi ya New South Wales
Ijumaa, 15 Julai 2022

Dada Glenys,

Niwie radhi kwa kuchelewa. Kijito kilifurika, mtu wa posta akakaa ng'ambo siku nne akitupungia mkono tu. Mwambie Mama fulana navaa, tena mbili. Mwambie na shemeji Col aite fundi.

Huku tuko vizuri. Wanyoaji kumi, watu sita wa kuchambua sufu, na mimi jikoni. Tutakuwa hapa mpaka mwisho wa Septemba, tunanyoa mashamba matatu yaliyopakana, na hapo msimu umekwisha. Kiongozi wa wanyoaji anaitwa Kahu, Mmaori wa Gisborne, mji wa ng'ambo ya bahari, mtu mpana mpaka mlangoni anaingia kwa ubavu. Siku ya kwanza alikuja jikoni akafunua sufuria zote, moja moja, kisha akaniuliza, "Kaka, wewe unabaki au unapita tu?" Nikamwambia nabaki. Akasema, "Wa msimu uliopita naye alisema hivyo, akatuachia kopo la maharage."

Yupo pia mzee mmoja, Stubbs, mwembamba, haridhiki na kitu. Supu ikiwa ya moto imemuunguza, ikipoa hatukumjali. Jana alikula skonzi saba, akanyanyuka akaniambia zimezidi chumvi.

Kuhusu kuhamahama, dada, kila mtu na miguu yake. Ila hapa nataka nifike mwisho wa msimu. Hilo nakuambia kweli kabisa. Nataka nifike mwisho.

Keki ilikuwa nzuri sana. Imekwisha.

Simu inashika juu ya kilima cha tangi la maji tu. Napanda huko kila jioni kwa sababu kuna darasa nasoma kwa njia ya mtandao, la mambo ya chakula. Mpishi hamalizi kujifunza.

Nduguyo,
Errol


Ulverstone
Jumamosi, 23 Julai 2022

Mdogo wangu,

Darasa la chakula. Wewe? Wewe uliyeoka mkate ukiwa na miaka tisa, na Baba akaula akiwa amesimama maana hakuweza kungoja kiti? Hilo darasa anafundisha nani, malaika?

Habari za huku: Col ameita fundi. Fundi akapanda, akatazama, akauliza ni mhalifu gani alilitengeneza paa hili. Col akasema hamjui, labda mwenye nyumba wa zamani. Tumejenga wenyewe nyumba hii, Errol. Mama amepigwa marufuku kugusa karata kwa wiki moja, sasa anawafundisha wenzake dhumna, na nasikia nako ana za akiba.

Sasa nisikilize. Keki ile ilikuwa na kilo tatu. Umeniandikia maneno machache kama mtu anayejibu polisi. Hukusema Kahu alisemaje. Hukusema Stubbs alilalamikia nini, na mtu anayezikosoa skonzi zako hawezi kukosa la kusema juu ya zabibu zangu. Sikuulizi kwa ubaya. Nauliza tu: wenzako waliionja?

Kama hutaki kujibu usijibu, lakini usinijaze habari za kilima.

Glenys


Mulgarrie
Jumanne, 9 Agosti 2022

Dada Glenys,

Salamu kwa wote, na pole zangu kwa waliocheza dhumna na Mama. Barua yako nimekaa nayo zaidi ya wiki, mfukoni mwa aproni, imeshapata na doa la mchuzi.

Hawakuionja.

Ilifika saa nane mchana, watu wote wakiwa bandani kwenye kunyoa. Nikaingia nayo stoo. Nilipomaliza, kamba ya kifurushi ilikuwa bado mkononi mwangu. Baada ya vipande viwili sikusikia hata ladha. Naona vibaya sana, dada. Hukuipika iliwe namna ile.

Ndivyo nilivyo. Ugonjwa wenyewe ni huo wa kufakamia chakula, na kumbe tuko wengi. Mimi asubuhi sitii kitu tumboni, chai ya rangi tu, nasimama nawapikia watu kumi na sita. Saa sita wanakula, nasimama. Saa saba kengele inalia, wanarudi bandani, mashine zinaanza kunguruma, na najua nina saa mbili za peke yangu. Basi hapo. Trei nzima ya keki za chai ya alasiri naimaliza nyuma ya magunia ya unga, halafu naoka nyingine mbio mbio kabla mashine hazijanyamaza. Miaka mingi sasa. Kila kundi inafika siku mtu anauliza, mbona sukari inakwisha upesi hivi? Kesho yake nafunga visu vyangu, naondoka. Ndiyo habari ya miguu yangu.

Lile darasa ni tiba, ya kubadili mawazo na mazoea. Masomo yanakuja kwenye simu, na kila wiki mshauri ananiandikia. Anaitwa Thuy, yuko Adelaide, hatujaonana. Nilidhani ataninyima chakula, nikajiandaa: siku ya kwanza nikashinda na tufaha moja, nikamwandikia kwa majivuno. Akanijibu, "Errol, hiyo ndiyo shida yenyewe, siyo dawa." Anasema ninaposhinda njaa ndipo ninapojitayarishia kufakamia mchana. Natakiwa nile kwa saa, mara tano kwa siku, nisipitishe saa tatu au nne bila kitu, njaa iwepo isiwepo. Na nikila niandike hapo hapo kwenye daftari: saa ngapi, wapi, nini, na nani, nilikuwa nawaza nini. Jioni napiga picha kurasa, napanda nazo kilimani namtumia. Uzito hauulizi. Niliutaja mwenyewe, akaupita kama hakuuona.

Mara tano kwa saa, dada. Asubuhi, chai ya saa tatu na nusu, saa sita, chai ya saa tisa, na jioni. Si ndizo saa za banda? Miaka ishirini na mitatu napiga kengele watu waje wale, na haikunijia hata siku moja kwamba na mimi inanihusu. Nilicheka peke yangu kule kwenye tangi mpaka kondoo wakasogea.

Nikapata siku tisa safi. Kisha ikaja mvua. Unajua utaratibu wao: kondoo wakinyeshewa, kila mnyoaji ananyoa wawili, halafu wanapiga kura ya siri, "wamelowa" au "wakavu", vikaratasi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Siku tatu mfululizo wakashinda wa "wamelowa". Bila kazi hakuna kengele. Watu wanalala mchana, wanakula ovyo, na mimi siku ya pili, Jumanne, nilianguka vibaya, nikafakamia tena. Nikaandika yote, mpaka jamu. Nikamtumia Thuy nikijua atanifukuza. Akaniambia, "Wiki ya kwanza usingeandika. Kesho piga kengele hata kama hakuna kazi." Nikapiga. Stubbs akatoka bwenini na chupi, anauliza moto uko wapi.

Nimetakiwa nimwambie mtu mmoja. Nimekuambia wewe.

Errol


Ulverstone
Jumanne, 16 Agosti 2022

Errol,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma jikoni, nikaisoma tena ndani ya gari. Asante kwa kuniambia. Nakupenda, mjinga wewe, na hilo halina mjadala.

Paa halivuji tena. Kuku wameanza kutaga, mayai mengi mpaka nawapa majirani. Col amenunua ngazi mpya, sijui ya kazi gani. Kumekuwa na upepo mkali huku, mti wa jirani umelala juu ya ua, wamebishana wiki nzima nani aukate. Goti ni lile lile.

Acha niulize la maana. Nikutumie keki au nisikutumie? Nikiacha itakuwa nakuadhibu, nikituma itakuwa sijali. Muulize huyo Thuy, aseme moja.

Na usihame. Iwe itakavyokuwa, Errol, safari hii usihame.

Kuna jambo jingine nilitaka kukuandikia, la ule mwaka uliokaa kwetu. Basi, si kubwa. Col ananiita.

Glenys


Mulgarrie
Jumamosi, 27 Agosti 2022

Dada,

Poleni na upepo. Umwambie Mama mwanawe amepanda cheo, sasa anaitwa mpelelezi.

Ilikuwa hivi. Thuy alisema niandike pale pale ninapokula, nisingoje. Basi chai ikiwa mezani, wenzangu wanakaa, mimi nachukua kipande changu, nasimama karibu na sinki, nakula, natazama saa, naandika. Saa tatu na dakika thelathini na mbili. Saa tisa na dakika mbili. Stubbs amekuwa akinikodolea macho wiki nzima. Na wiki hii hii Bevan, kontrakta wetu aliyetuajiri, amekuja kulalamika kwamba watu wanachelewa kurudi kwenye mashine baada ya chai. Ile nusu saa, dada, babu zao waligoma kazi ndipo wakaipata. Mnyoaji unaweza kumtukana akacheka, lakini usiiguse chai yake.

Alhamisi Stubbs akanyanyua kichwa mbele ya wote. "Mpishi, hizo saa unamwandikia nani?" Nikafunga daftari. "Tangu lini mtu anashika saa wenzake wakinywa chai, kama si kwa ajili ya Bevan?" Benchi zima likanigeukia.

Kahu akanifuata jikoni baadaye. "Kaka, nionyeshe hilo daftari. Nirudi niwaambie ni upuuzi, yaishe." Nikamwambia ni mambo yangu. Akajikuna shingo. "Ukisema hivyo mimi sina la kukusaidia."

Kundi hili bado linampigia kura mpishi, kama zamani. Wanyoaji kumi, kopo lile lile la kura za kondoo. Kura ni Jumamosi ijayo, tarehe tatu, baada ya kifungua kinywa. Wengi wakisema niende, naenda siku hiyo hiyo.

Naona bora waniite mpelelezi. Mpelelezi ni mtu mbaya, basi, watanitukana yatakwisha. Lakini yule wa nyuma ya magunia wakimjua, watamcheka mpaka Gisborne. Visu nimeshavifunga kwenye taulo. Gari lina mafuta. Zimebaki wiki nne tu kufika mwisho, na leo ni siku yangu ya kumi na saba safi tangu nilipoanguka tena. Nimekaa najiuliza nilizitafutia nini siku zote hizo kama naishia kukimbia tena.

Kuhusu keki, Thuy anasema tuma, ila niikatie mezani mbele za watu. Usitume kwanza.

Errol


Ulverstone
Jumanne, 6 Septemba 2022

Errol,

Barua yako imefika leo, na kura ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo sijui hata nakuandikia wapi. Nimepiga simu nyumba ya shamba mara nne, inalia tu. Natuma huko huko, kama umeshaondoka waitume ikufuate. Sote wazima. Leo sina habari za kuku.

Nilijua.

Ule mwaka 2009, ulipoachana na mkeo Petrina ukaja kukaa kwetu, nilikwenda kuchukua kuni nikakuta makopo nyuma ya rundo. Ya biskuti, ya maziwa mazito, na karatasi za jibini umezikunja zote vizuri kama shuka. Nilisimama pale muda mrefu. Kisha nikayarudisha yote kama yalivyokuwa, nikaenda dukani, nikajaza kabati upya. Nikafanya hivyo kila wiki, miezi minane. Nilijiambia nakulinda. Nilijiambia nikisema neno atahama, na akihama nimempoteza. Ukahama vile vile.

Tena si hilo tu. Niliona aibu. Sikutaka liwe jambo la kuzungumzwa ndani ya nyumba yangu. Kila keki niliyokutumia tangu hapo nilijua inakokwenda, nikatuma, halafu nikajifanya kukuuliza kama wenzako wameionja. Nimekuwa mnafiki, mdogo wangu. Nisamehe.

Unasema bora mpelelezi. Nakuelewa sana, maana mimi nilichagua bora mjinga. Miaka kumi na mitatu najifanya sijui, na haikukusaidia hata siku moja.

Kama umekimbia, njoo hapa, usipitie popote. Kama hukukimbia, niambie walisemaje.

Glenys


Mulgarrie
Ijumaa, 16 Septemba 2022

Dada Glenys,

Ukiona anwani umeshajua nusu ya habari. Mimi mzima. Ningekuandikia Jumapili ile ile, lakini niliogopa kuandika kitu ambacho kesho yake kingegeuka.

Jumamosi ile niliwapikia kifungua kinywa ambacho hawajawahi kukila hapa, nikasema wanifukuze wakiwa wameshiba. Kisha nikapeleka visu garini. Mpishi hatakiwi kuwepo wakati wa kura, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Nikakaa kwenye usukani, ufunguo umo. Barua yako sikuwa nayo, usidhani. Nilichokuwa nacho ni daftari, nikakumbuka sijaandika kifungua kinywa. Nikalifungua. Nikaona kurasa zote zile, wiki baada ya wiki, kwa mwandiko wangu huu wa kuku. Nikawaza, nikiwasha gari sasa hivi, kesho nitaandika nini humu?

Nikarudi. Kahu alikuwa ameshagawa vikaratasi. Stubbs akasema, "Huyu hatakiwi kuwemo." Nilitaka niseme kitu cha maana, nikajikuta namkabidhi Kahu daftari. "Soma popote. Kwa sauti."

Katika kurasa zote akaifungua Jumanne ile ya mvua. Ana sauti nzito, na alisoma polepole: "Saa nane na robo. Stoo. Keki za nazi kumi na nne, mkate nusu na siagi, jamu yote iliyokuwa kwenye chupa. Peke yangu. Kabla: wote wamelala, najiona sina mtu duniani. Baada: tumbo linauma, nataka niondoke nisionekane tena." Akafunua ukurasa wa pili, akausoma kimya kimya, akalifunga.

Nikawaambia, macho kwenye sakafu. Kwamba ni ugonjwa, kwamba natibiwa kwa simu kule kilimani, kwamba saa ninazoandika ni zangu, si zao. Nimeshakimbia kundi baada ya kundi kwa kuogopa dakika ile moja, dada, na ilikuwa mbaya kama nilivyoiogopa. Sitakudanganya kwamba ilikuwa nyepesi.

Stubbs akasema, "Siku ile ulituambia jamu imeoza."

"Ndiyo."

"Mimi nilikula skonzi kavu siku tatu."

"Samahani, Stubbs."

"Ilikuwa jamu ya nini?"

"Ya stroberi."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyefiwa. "Ya stroberi," akasema. Mmoja akacheka, wakafuata wengine, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka mbele ya watu wazima kumi.

Kahu akasema kura ipigwe vile vile, maana ilishaitishwa. Vikaratasi kumi. Vinane "abaki". Kimoja "aende". Na kimoja kimeandikwa "wamelowa", sijui nani, mazoea tu ya kopo lile. Kahu akasema hicho kimeharibika, akakitupa.

Wa "aende" simjui. Kila siku nampitishia sukari na simjui. Thuy kaniuliza hilo linanipa mawazo gani. Nikamwandikia kwamba miaka yote nilidhani wote kumi wangekuwa huyo.

Saa tatu na nusu, ingawa ilikuwa Jumamosi, Kahu akapiga kengele mwenyewe. Nikaleta trei, nikaenda kusimama kwenye sinki langu. Stubbs akasogea kwenye benchi bila kuniangalia. "Kaa basi, unatuzibia mwanga." Nikakaa. Nikala kipande kimoja nikaisikia ladha yake mpaka mwisho. Hakuna aliyenitazama mdomoni. Walikuwa wanabishana mbwa wa nani kaiba kiatu cha nani.

Sijapona. Jumatano iliyopita nilianguka na pakiti mbili za biskuti. Nikaandika, na saa tisa nikaenda kunywa chai na wenzangu kama kawaida. Zamani kuanguka kumoja kulikuwa ruhusa ya kuanguka wiki nzima, na safari hii kulibaki kumoja.

Barua yako ilifika Jumanne. Nisikufiche, nilikasirika siku mbili. Nikasema, angefungua mdomo wakati ule ningekuwa mtu mwingine leo. Jana nikafikiri vizuri zaidi. Ungefungua mdomo, ningefunga visu siku ile ile, na wewe ulinijua. Imekwisha hiyo, dada. Na wewe nisamehe zile keki.

Tunamaliza Ijumaa ijayo. Nitakuwa nimefika mwisho, na Kahu ameshaniambia msimu ujao nisitafute kundi jingine. Lakini kwanza nakuja kwenu, wiki nne. Mwambie Col naomba chumba cha nyuma, na asipande ngazi kunitengenezea chochote.

Nina ombi moja. Itatokea mchana mmoja utasikia niko jikoni, mlango umefungwa. Usipite kama hujui. Usijaze kabati, usinipakulie, usiniulize kitu. Ingia tu, vuta kiti, ukae na mimi.

Errol